Ua Lipendalo Baridi: Pareto katika Vilima vya Kisii na Nyamira

Msafiri atokaye mjini Kisii kwenda Sotik kwa njia ya Keumbu na Keroka hupanda mlima bila kutambua sana, mpaka ghafula huona ya kwamba anahitaji koti. Mji wa Kisii uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Keroka na Nyansiongo ziko karibu na mita 2,000, na vilima vya Kiabonyoru huzidi hapo. Mwezi wa Julai ukungu hukaa mabondeni hata jua limekwisha kupanda, na watoto waendao shule huficha mikono kwapani. Leo msafiri huyo ataona chai pande zote mbili za barabara, na migomba, na mahindi, na majani ya ng'ombe, na mikalitusi. Lakini kama angalipita hapo katika miaka ya 1970, angaliona kitu kingine pia: vipande vidogo vya shamba vilivyokuwa vyeupe kama shuka zilizoanikwa, na weupe huo wote ni maua. Hayo yalikuwa mashamba ya pareto.

Sasa wakulima wa vilima hivyo wanashauriwa tena wapande pareto. Tangu sheria mpya ya pareto ya mwaka 2013, kampuni za watu binafsi zimeruhusiwa kununua na kusindika maua, na miche imeanza kuonekana tena katika sehemu za baridi. Wako wanaoipokea kwa furaha, na wako wazee wanaotikisa kichwa. Wote wawili wana sababu zao, na yafaa mtu azisikie za pande zote kabla hajashika jembe.

Jambo la kwanza la kufahamu ni tabia ya ua lenyewe. Maua mengi yapandwayo nyumbani kwa ajili ya pambo asili yake ni nchi za joto, na mtu akiyahamishia penye baridi hana budi kuyabembeleza: huyapanda karibu na ukuta yasipigwe na upepo, huyafunika usiku, na hata hivyo mengine hufa. Pareto ni kinyume cha hayo. Ikipandwa penye joto hustawi majani, ikawa kichaka kizuri cha rangi ya kijani yenye kijivu, wala isitoe maua ya maana. Wataalamu wamepima wakaona ya kwamba mmea huu hauna budi kupata siku kumi au zaidi za baridi, kipimo cha joto kikiwa chini ya digrii 16 au 18 hivi za Selsiasi, ndipo uanze kufanya vitumba. Na joto likidumu juu ya digrii 24, vitumba hukataa kutokea. Hivyo mkulima wa Keroka ana mali ambayo ndugu yake wa sehemu za chini za Mugirango Kusini hana, nayo ni baridi. Mtu akichukua miche Keroka akaipeleka huko chini atavuna majani, na lawama ataitupia mbegu, kumbe kosa ni la mahali.

Tena nchi hizi zilizo karibu na ikweta zina fadhila nyingine. Huko Ulaya na huko Tasmania, kisiwa cha Australia ambacho siku hizi hulima pareto kwa wingi, baridi ni ya majira. Mmea hulala wakati wa baridi, kisha ukatoa maua yote kwa mara moja, na mavuno yakawa ni ya majuma machache tu. Katika vilima vya Kisii na Nyamira baridi huja kila usiku, mwaka mzima, na mvua ni nyingi na zimegawanyika vizuri. Kwa hiyo pareto huchanua kidogo kidogo kwa miezi mingi ya mwaka. Hiyo ndiyo neema yake, na ndiyo kazi yake pia: kwa kuwa maua hayakomai pamoja, hakuna mashine iwezayo kuyachuma. Ni lazima mkono wa mtu uchague ua moja moja.

ASILI YAKE

Ua la pareto ni dogo, katikati ni njano na kandokando ni petali nyeupe. Kwao ni pwani ya Dalmatia, katika nchi iitwayo leo Kroatia, inayotazamana na Italia ng'ambo ya bahari ya Adria. Watu wa huko walijua zamani ya kwamba unga wa maua hayo yakikauka huua viroboto na kunguni, na katika karne ya 19 unga huo uliuzwa nchi nyingi. Kutoka huko Wajapani waliuchukua mmea, wakaulima kwa bidii hata wakawa wa kwanza duniani. Mjapani mmoja, Eiichiro Ueyama, alitengeneza mwaka 1890 vijiti vya kuwasha ili moshi wa pareto ufukuze mbu. Lakini vijiti viliisha upesi kabla usingizi haujaisha. Mkewe Yuki ndiye aliyetoa shauri la kuvizungusha kama nyoka aliyejikunja, na dawa za namna hiyo zikaanza kuuzwa mwaka 1902. Yeyote awashaye dawa ya mbu ya kuzunguka chumbani kwake anafaidi akili ya mama huyo.

Mbegu zililetwa Kenya mwaka 1928 na mlowezi Gilbert Walker, zikajaribiwa upande wa Nakuru. Katika miaka ya 1930 mashamba makubwa ya nyanda za juu yakaanza kuuza, na ilipoingia Vita Kuu ya Pili na biashara ya Japani ikakatika, majeshi ya Uingereza na Marekani yalihitaji dawa ya kuwalinda askari wao na chawa na mbu. Kenya ikashika nafasi ya kwanza, na nafasi hiyo ikakaa nayo kwa miaka mingi.

Sumu iliyomo huitwa pirethrini. Haikai katika petali nyeupe, kama watu wengi wanavyodhani, bali karibu yote imo katika vijimbegu vilivyofungamana katikati ya ua. Mdudu akiguswa nayo, mishipa yake ya fahamu huvurugika akaanguka mara moja. Kwa binadamu na ng'ombe madhara yake ni madogo sana, na jua huivunja upesi, hivyo haikai siku nyingi juu ya mboga wala katika udongo. Kwa ajili hiyo wanunuzi wa nchi za nje wameendelea kuitaka hata baada ya viwanda kutengeneza dawa za kuiga mfano wake, ambazo zilianza mwaka 1949 na kuzidi nguvu katika miaka ya 1970. Lakini mkulima asidanganyike ya kwamba kila kitokacho katika ua hakina madhara. Pirethrini huua nyuki na samaki. Asioshe vyombo vya dawa mtoni.

Kwa muda mrefu wa enzi ya ukoloni Mwafrika hakuachiwa huru kulima mazao ya biashara kama alivyoachiwa mlowezi. Kisii ilikuwa miongoni mwa sehemu chache zilizoruhusiwa kujaribu kahawa katika miaka ya 1930, na pareto ikaingia katika vilima hivi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ukafungua mlango zaidi. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 kilimo hiki kilihama kutoka mashamba makubwa hadi mikononi mwa wakulima wadogo na vyama vyao vya ushirika, na Kisii, wakati huo ikiwa bado wilaya moja pamoja na Nyamira, ikawa mojawapo ya sehemu zilizotoa maua mengi kabisa nchini.

Si vigumu kuona kwa nini iliwafaa. Aliyepanda chai alingoja miaka kama mitatu kabla hajapata kitu cha kupeleka kiwandani, lakini aliyepanda pareto alichuma ua la kwanza baada ya miezi mitatu au minne. Shamba lake halikuhitaji kuwa kubwa. Robo ya ekari ilitosha, na katika nchi ambayo baba huwagawia wana wake vipande vinavyozidi kuwa vyembamba kila kizazi, robo ya ekari ndiyo mara nyingi iliyopatikana. Maua yalichumwa kila baada ya majuma mawili au matatu, kwa hiyo fedha zilitarajiwa mara nyingi mwakani wala si mara moja tu. Kazi ya kuchuma ilifanywa zaidi na akina mama na watoto, ingawa mara nyingi kadi ya chama ilikuwa na jina la bwana wa nyumba, na hilo nalo lilileta maneno katika miji mingi.

MALIPO YALIPOCHELEWA

Kwa mujibu wa sheria ya wakati huo mnunuzi alikuwa mmoja tu, yaani Bodi ya Pareto ya Kenya, iliyokuwa na kiwanda chake Nakuru. Jambo hilo lilikuwa na faida siku za neema, maana mkulima hakuhangaika kutafuta soko. Katika miaka mizuri ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kenya ilivuna zaidi ya tani 10,000 za maua makavu kwa mwaka, na ilitoa zaidi ya nusu ya pareto yote iliyouzwa duniani. Lakini mnunuzi akiwa mmoja, akishindwa yeye, wote wamekwisha.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 madeni yaliongezeka na malipo yakaanza kuchelewa, kwanza kwa miezi, kisha kwa miaka. Mzazi aliyetegemea maua ya Oktoba yalipe karo ya Januari alikwenda chamani akarudi mikono mitupu, na mwezi uliofuata akaenda tena. Mkulima mdogo aweza kuvumilia bei ndogo. Kukaa bila kujua siku ya malipo hawezi, kwa kuwa duka na shule havikubali kungoja pamoja naye. Wakati huohuo Tasmania, yenye mashine zake na shamba lake la kuvunwa kwa mara moja, ilizidi kupanda na ikampa mnunuzi wa ng'ambo mali aliyokuwa na hakika nayo. Katika miaka ya 2010 mavuno ya Kenya nzima yalikuwa yameshuka chini ya tani 1,000 kwa mwaka.

Hapa ndipo tofauti ya chai na pareto ilipoonekana. Mti wa chai ni wa maisha. Mtu akiudhiwa na bei hunung'unika, lakini hutafakari sana kabla hajaung'oa, na kwa kawaida haung'oi. Shamba la pareto laweza kung'olewa kwa siku mbili na jembe moja. Katika Kitutu, Masaba na Borabu wakulima walifanya hivyo, mmoja baada ya mwingine, bila mkutano wala kelele. Mahali pa maua pakaingia chai, au mahindi, au majani ya ng'ombe. Watu wa ofisini walihesabu jambo hilo kuwa uvivu wa wakulima. Haukuwa uvivu, ilikuwa ni hesabu, nayo ilikuwa sahihi kwa siku zile.

Lakini kulikuwa na hasara ambayo hakuna aliyeihesabu. Pareto haipandwi sana kwa mbegu kama mahindi. Ua moja haliwezi kujizalisha lenyewe; hutaka chavua ya mmea mwingine, ndiyo sababu miche itokayo katika mbegu hailingani na mama yake. Mmoja hutoa maua mengi, mwenzake machache. Mmoja una pirethrini nyingi, mwenzake kidogo. Kwa hiyo mkulima mwenye busara hugawa mashina. Hung'oa shina zuri la mwaka mmoja au zaidi, hulipasua kwa mkono katika vipande vyenye mizizi, na kila kipande huwa mmea kamili ulio sawasawa na mama. Desturi katika vilima ilikuwa kwenda kwa jirani, kuomba au kununua mashina kabla ya mvua za Machi, na mwaka mwingine kumpa mwingine. Shamba la mtu lilikuwa ghala la mbegu la jirani yake.

Basi walipong'oa wote, ghala likaisha. Habari za soko jipya zilipofika baada ya miaka mingi, aliyetaka kurudi hakuwa na jirani wa kumwendea. Hilo ndilo lililochelewesha kurudi kwa pareto kuliko jambo jingine lolote la shambani. Kituo cha utafiti cha Molo, ambacho kwa miaka mingi kimechagua na kutunza aina bora, na wale wazalishao miche katika maabara na vitaluni, wamejitahidi. Hata hivyo ekari moja hutaka miche kiasi cha 22,000, ikipandwa sentimeta 30 kati ya mche na mche na sentimeta 60 kati ya mstari na mstari. Hakuna kitalu kiwezacho kuujaza mlima kwa msimu mmoja.

KUANZA KATIKA KONA

Mkulima asiye na haraka, hata hivyo, hahitaji kungoja lori la miche. Hesabu yake ni nyepesi. Shina lililoshiba laweza kugawanywa vipande saba, vinane, au zaidi. Akipata mashina 90 tu ya aina nzuri, ayapande katika kona ya shamba. Yatachukua mahali pa mita nne kwa mita nne, yaani chini ya ukubwa wa nyumba ndogo. Mwaka unaofuata, akigawa kila moja vipande vinane, atakuwa na mashina 720. Mwaka wa pili yatakuwa zaidi ya 5,700, nayo yatosha robo ya ekari. Katika miaka hiyo miwili atakuwa ameuza maua kidogo, amejifunza kuuanika mzigo, na juu ya yote amemjua mnunuzi wake: je, hulipa siku aliyosema? Ikiwa halipi, hasara yake ni kona moja.

Mambo ya kumwuliza mnunuzi kabla ya kupanda si mengi, lakini yaandikwe. Atalipa baada ya siku ngapi? Atalipa kwa uzito mtupu, au kwa kipimo cha pirethrini? Na kama ni kwa kipimo, ni nani anayepima, na mkulima ataonyeshwa majibu? Ikiwa wakulima wa kijiji kimoja watauza pamoja, ni vyema magunia ya kila mmoja yapimwe mbali, ili mwenye maua mazuri asilipwe sawa na mwenye kuchanganya vikonyo. Karani wa chama ajuaye kazi yake anaweza kuwaokolea wanachama fedha nyingi kwa jambo hili peke yake.

Mahali pa kupanda pawe wazi, penye jua, pasipotuama maji. Udongo mwekundu wenye kina wa vilima hivi ni mzuri. Penye unyevu mwingi yafanywe matuta. Aliyeng'oa chai ili apande pareto apime udongo kwanza, kwa maana chai hupenda udongo wenye asidi kali kuliko pareto iwezavyo kustahimili. Wala asipande mahali palipotoka viazi au maharagwe punde, kwa sababu mara nyingi huwamo minyoo midogo isiyoonekana kwa macho ambayo huvimbisha mizizi ya pareto na kuinyong'onyeza. Mbolea ya fosfeti itiwe shimoni wakati wa kupanda. Samadi nyingi kupita kiasi humpa mtu majani mengi ya kutazama, wala si maua.

Siku ya kugawa mashina majani hukatwa yakabaki mafupi, na mizizi mirefu hupunguzwa, kisha vipande hupandwa siku ileile ardhi ikiwa mbichi. Kipande kilicholala juani hata jioni ni kama kimekufa. Palizi iwe ya juu juu, kwa maana mizizi haikwenda chini sana. Utitiri mwekundu hushambulia wakati wa ukavu, na uko ugonjwa wa vitumba ambao huvifanya vinyauke kabla ya kufunguka. Shina lenye ugonjwa lisigawiwe jirani. Mwisho wa msimu vikonyo vilivyokauka hukatwa, majani mabichi yakaachwa. Baada ya miaka mitatu au minne shamba huchoka, na mashina yaliyo mazuri huhamishiwa mahali papya. Mvua ya mawe, ambayo watu wa vilima hivi wanaijua sana, huweza kuharibu maua ya leo, lakini mashina hubaki na hutoa mengine. Katika jambo hilo pareto ni mvumilivu kuliko mahindi.

KUCHUMA NA KUANIKA

Mkulima wa pareto hupata faida au hasara yake zaidi kwa kuchuma na kuanika kuliko kwa kulima. Tuseme wakulima wawili wamepeleka kilo 100 za maua makavu kila mmoja. Ya mmoja yana pirethrini asilimia 1.2, ya mwenzake asilimia 1.8. Gunia kwa gunia ni sawa machoni, lakini ndani yake mmoja amepeleka kilo 1.2 za kitu kinachotakiwa na mwenzake kilo 1.8, yaani mara moja na nusu. Ikiwa malipo ni kwa kipimo, tofauti hiyo ni ya fedha kamili, nayo haikutokana na jasho la zaidi. Sehemu yake ni ya aina ya mmea na ya baridi ya mahali. Sehemu nyingine ni ya uangalifu.

Ua huchumwa wakati petali nyeupe zimelala bapa kama sahani na mistari michache ya vijiua vya njano katikati imekwisha funguka. Likichumwa kabla, likiwa limejikunja, nguvu haijatimia. Likiachwa mpaka petali zigeuke chini na katikati pawe rangi ya kahawia, vijimbegu huanza kupukutika na mali huenda ardhini. Kwa sababu hiyo shamba hupitiwa kila baada ya siku 14 hadi 21, wala si wakati mtu apatapo nafasi. Ua hukatwa kwa vidole chini kabisa ya kichwa, bila kikonyo. Wako wanaoacha kikonyo kwa makusudi ili mzani upande. Hao hujiibia wenyewe, kwa kuwa kikonyo hakina pirethrini ya maana na hushusha kipimo cha gunia zima.

Vyombo vya kuchumia viwe vikapu vyenye kupitisha hewa. Maua yakishindiliwa katika debe au mfuko wa nailoni hupata joto na kuanza kuchacha kabla hayajafika nyumbani, na harufu yake humjulisha mnunuzi kabla hajafungua gunia. Watu wengine, wakichuma siku nyingi, huwashwa ngozi na kufura mikono. Hao wafunike mikono au waachiwe kazi nyingine, wala wasiambiwe wanajisingizia, maana jambo hilo linajulikana na madaktari.

Maua huanikwa siku ileile, yakitandazwa tabaka moja nyembamba juu ya chekeche za waya au magunia yaliyoinuliwa kutoka ardhini, na kugeuzwa mara kwa mara. Kilo nne au tano za maua mabichi hutoa kilo moja ya makavu, hivyo asishangae aonaye kikapu kikubwa kimekuwa kofi la mkono. Yamekauka wakati kichwa kikisuguliwa katikati ya vidole hupondeka chote, pamoja na kiini chake. Jua zuri huyakausha kwa siku chache. Moto wa jikoni haufai. Huua nguvu ya ua na kulitia moshi.

Lakini vilima vya Kisii na Nyamira vina desturi yao, na desturi hiyo ni mvua ya alasiri. Asubuhi jua huwaka, saa nane mawingu hukusanyika upande wa ziwa, na saa tisa mvua imekwisha nyesha. Ndiyo maana chekeche nyepesi ziwezazo kubebwa na mtu mmoja ni bora kuliko turubai kubwa lililotandazwa uwanjani, ambalo hutaka watu wanne na wote wako shambani. Chekeche hupangwa usiku ndani ya nyumba, moja juu ya nyingine na nafasi katikati, asubuhi zikatolewa umande ukisha kukauka. Maua makavu hutiwa katika gunia safi, gunia huwekwa juu ya mbao penye giza na ukavu, mbali na mbolea na mafuta ya taa, na hupelekwa kwa mnunuzi mapema, kwa maana hata katika gunia lililofungwa nguvu ya pareto hupungua mwezi baada ya mwezi.